Mashine ya Chumba cha Nyaraka

Mtoto wa tatu kwenye foleni alipoangua kilio, Élodie aliuacha mhuri hewani, akaubana mkono wa kushoto kifuani na kumwomba Mungu. Hakuomba makubwa. Aliomba mtoto anyamaze, au mama yake amtoe nje kidogo, au blauzi aliyoivaa igeuke kuwa nyeusi. Mtoto akavuta pumzi, akalia mara ya pili kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, na maziwa yakashuka. Madoa mawili yakajitokeza kwenye blauzi ya kijani, yakapanuka bila haraka, mbele ya raia kumi na wanane na askari polisi mmoja.

"Pole, madame," akasema mama wa yule mtoto, akicheka. "Wa kwangu analia, maziwa yako inaitika."

"Jina la mtoto?" Élodie akauliza, kwa ukali ambao haukumtisha yeyote.

Kazi yake ilikuwa kuandikisha vizazi katika ofisi ya komuni moja mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Alikuwa mtu wa Kindu, aliyeletwa Butembo na serikali na kubakizwa Butembo na ndoa. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku tisini za kwanza, na kwa kuwa binadamu ni binadamu, akina mama walikuja siku ya themanini na nane, ya themanini na tisa, na ile ya tisini yenyewe, wakihema, na watoto waliochoshwa na kusubiri. Kutwa nzima ofisi haikukosa mtoto wa kulia. Na kila mtoto aliyelia, awe wa nani, mwili wa Élodie ulimwitikia kana kwamba umeajiriwa kwa kazi hiyo.

Laiti ungeitikia na mashine! Mume wake, Valère, aliyezoea kwenda Kampala kununua vipuri vya pikipiki, alikuwa amemletea pampu ya kukamulia maziwa: kikombe cha plastiki, mpira mwembamba, na injini ndogo ya kuchaji iliyokuwa ikisema *fyuu-kop, fyuu-kop*. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, na binti yao, Sagesse, alikuwa na miezi mitatu na nusu. Saa nne asubuhi na saa nane mchana Élodie alijifungia na pampu hiyo katika chumba cha nyaraka, akaketi juu ya katoni katikati ya madaftari ya watu waliozaliwa, kuoa na kufa tangu enzi za wakoloni, akasubiri. Karatasi ya maelekezo ilisema: tulia, mfikirie mwanao. Alitulia. Alimfikiria mwanae. Lakini mawazo yalipofika nyumbani Bulengera yalimkuta mwanae mgongoni kwa mama mkwe, na kutoka kwa mama mkwe hayakuendelea. Tone moja. La pili. Kisha ukame.

Mama mkwe aliitwa Kanyere. Alikuwa ameteremka kutoka Kasugho na gunia la maharagwe na ndoo ya unga ili amlee mjukuu, na alikuwa amelea wanane wake bila karatasi ya maelekezo. Pampu yenyewe alikuwa hajaiona wala kuisikia; alikataa kuonyeshwa, akisema kitu cha kukamulia ng'ombe kibaki huko huko kwa wenye ng'ombe. Alichokubali kukiona ni chupa tu. Jioni ya Jumatatu aliipokea, akaiinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja.

"Mama Sagesse, hii ni maziwa ao ni dawa ya macho?"

"Ni maziwa, Mama. Kesho itaongezeka."

"Batoto munane nililea. Hakuna hata mumoja alikunywa mu gouttes, tone-tone." Akaiweka chupa mezani taratibu, kama mtu anayeweka ushahidi. "Mutoto analia na njaa kutwa muzima, na weye unaniletea dawa ya macho. Nakupatia paka jeudi. Jeudi biberon isipoyala, napika bouillie."

Élodie alihesabu siku tatu za kuijaza chupa, mpaka Alhamisi, ama sivyo uji. Huo uji wa mahindi, soya na mtama Sagesse alikwisha kuonjeshwa mara moja, wiki mbili nyuma, vijiko vitatu tu, na tumbo likamwendesha siku tatu hadi macho yakazama. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa mkali: mpaka miezi sita, maziwa ya mama na si kitu kingine. Kanyere alisema ni meno. Mtoto hakuwa na jino hata moja, lakini Kanyere alisema yalikuwa njiani. Valère alipoulizwa aliangalia simu yake, akakumbuka mzigo uliokuwa mpakani Kasindi. Mume mwema yule, lakini kati ya mama na mke alikuwa hodari wa kusafiri.

Kwa hiyo mambo yote yalikuwa juu ya katoni ile, katika chumba kile: chupa ijae kabla ya Alhamisi, au mtoto alishwe kilichomwangusha.

Ufunguo wa chumba haukupatikana kirahisi. Mkuu wa ofisi, Bwana Ananie, alikuwa mkatekista na baba wa watoto tisa, mtu mwema asiyeweza kulitaja titi ndani ya jengo la serikali. Alimtaka Élodie aandike barua. Aliposoma barua, jasho likamtoka kwenye paji.

"Madame, hii neno 'maziwa' umeiandika mara tatu. État, serikali yetu, haina maziwa. Andika 'besoin de service'."

Élodie akaandika kwamba anahitaji chumba kwa mahitaji ya kazi. Ananie akapiga mhuri, akasaini, akaweka nakala kwenye faili. Na kwa kuwa mtu mmoja alikuwa ameshauliza ni kitu gani kinachonguruma mle ndani, Ananie, kwa nia njema kabisa ya kumsitiri mfanyakazi wake, alibandika mlangoni tangazo kwa wino mwekundu: KAZI YA SIRI. MASHINE INATUMIKA. NI MARUFUKU KUINGIA. Akalipigia na hilo mhuri.

Sasa, nje ya lango la komuni, chini ya mwavuli, aliketi Vagheni, mpiga picha za pasipoti. Biashara ilikuwa imelala. Mwavuli wake ulikuwa chini ya tundu la hewa la chumba cha nyaraka, na kutoka tunduni humo, mara mbili kwa siku, Vagheni alisikia *fyuu-kop, fyuu-kop*. Jumanne aliingia ndani kuomba maji, akalisoma tangazo. Akatoka bila kunywa.

Lazima ieleweke kwamba watu wa Butembo wamesubiri kitambulisho cha taifa muda mrefu sana. Kadi ya kupigia kura ndiyo imefanya kazi hiyo, imechapwa na mvua na jasho mpaka picha haimjui tena mwenyewe. Mtu anayesubiri kitu kwa miaka hukisikia kikija hata kwenye mlio wa chura. Vagheni hakusikia chura. Alisikia mashine ya serikali, ya siri, yenye mhuri, na akahesabu: kila *kop* moja ni kadi moja inayodondoka.

"Ile madame anaingiaka na mufuko mwepesi," aliwaambia wateja wake kwa sauti ya chini, "akitoka anaukumbata sawa yayi. Bikarte bya kitambulisho biko mule. Banagawia kwanza ba-famille."

Lisemwalo lipo, husema wahenga, na kama halipo laja. Mpaka Jumatano Vagheni alikuwa amepiga picha nyingi kuliko mwezi mzima uliopita. Élodie, asiyejua lolote, alishangaa kukuta picha ndogo za nyuso za wanaume wasiotabasamu zikiwa zimechomekwa kwenye daftari la vizazi. Bibi mmoja alimbana mkono mezani, akamnong'oneza kwamba jina lake lina *k* mbili, asisahau. Mzee mwingine alimwachia parachichi sita. Élodie aliyapokea, akidhani watu wamemwonea huruma kwa sababu ya blauzi.

Jumatano mchana mtu aligonga mlango wa chumba cha nyaraka katikati ya kazi, na hata yale matone machache yakakatika. Jioni hiyo Kanyere hakuinua chupa dirishani. Aliitazama tu, akatikisa kichwa, akaenda kuchunga unga. Usiku Élodie alinyonyesha akilia kimya kimya, na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba maziwa yalikuwepo. Yalikuwepo tele! Yalitoka kwa mtoto wake na kwa watoto wa wenzake, yalitoka kanisani na sokoni. Kwa mashine tu ndiyo yaligoma.

Alhamisi saa nne alijifungia. Akakaa. Akaweka kikombe, akabonyeza. *Fyuu-kop.* Akamfikiria mwanae, na alipomfikiria alimwona na kijiko cha uji mdomoni. Hakuna tone.

La mgambo likilia kuna jambo, na siku hiyo lilikuwa likilia nje ya mlango. Kwanza alidhani ni foleni ya kawaida. Kisha akasikia miguu mingi, na viti vikisukumwa, na polisi wa lango, kijana wa mkoa wa Équateur aliyesahau Kiswahili na kurudia Kilingala kila alipoogopa, akipiga kelele za "Bozela! Bozela!" akitaka watu wangoje. Hakuna aliyengoja. Mlango ukapigwa kofi.

"Tunataka bikarte!"

"Tunasikia mashine! Hata sasa inatumika!"

"Juu ya nini munafichika?"

Élodie aliinamisha kichwa juu ya pampu. Hakuelewa ni kadi gani. Alichoelewa ni kwamba ilikuwa Alhamisi, chupa ilikuwa kavu, na dunia nzima ilikuwa imekuja kugonga. Alikata tamaa kabisa, mkono ukaenda kwenye kitufe ili azime.

Hapo akasikia kilio.

Watoto walikuwa wengi nje, na walikuwa wakilia tangu mwanzo, lakini hiki kilikuja juu ya vyote: viwili vifupi, kimoja kirefu, na kwikwi mwishoni. Angekijua hata katika shida ya kiama. Kifua kikamwaka, kikakaza, kisha kikafunguka chote kwa pamoja. Maziwa yakaruka ndani ya kikombe kwa nyuzi tatu, nne, tano, yakagonga ukuta wa chupa kwa sauti iliyosikika. Alipotazama, mstari wa kwanza ulikuwa umepitwa, na wa pili.

"Munipishe!" ikasema sauti nyuma ya kilio hicho, na hiyo nayo aliijua. "Mi ni mama mukwe wa ile madame! Nalala naye nyumba moja, nabeba mutoto wake ku mugongo, na bikarte biko mu bureau yake haniambie! Batu ba soko ndio banakuya kunielezea!"

"Madame Élodie!" Sasa alikuwa Bwana Ananie, mdomo kwenye tundu la ufunguo. "Simamisha mashine! Kwa jina la État!"

"Siwezi, chef! Inatoka!"

Walio mlangoni wakageukiana. Kisha watu themanini wakapokezana habari: inatoka, amesema mwenyewe, inatoka! Mlango ukaanza kulia kwenye bawaba.

Chupa ilikuwa katikati. Élodie aliutazama mlango, akaitazama chupa. Akifungua, aliwaza, aibu itamkausha kama jana. Asipofungua watamvunjia. Alikuwa ameficha wiki nzima, na mficha uchi hazai. Kuficha hakukuwa kumempa hata nusu ya chupa. Ghafla akakasirika. Alikasirikia tangazo, alikasirikia barua isiyo na neno maziwa, alikasirikia blauzi tatu alizozifua kila usiku. Na hasira, tofauti na aibu, haikuzuia kitu: maziwa yaliendelea kushuka. Akajifunika kitenge mabegani, akashika chupa kwa mkono mmoja kifuani, akafungua kwa mwingine.

Waliokuwa mbele walirudi nyuma hatua moja. *Fyuu-kop*, ikasema mashine katika ukimya. *Fyuu-kop.*

"Mashine ni hii," akasema Élodie, na kwa mara ya kwanza tangu afike Butembo sauti yake haikuomba radhi kwa mtu. "Inakamula maziwa ya mutoto wangu. Karte haitoe. Hata moja."

Wanaume waliangalia dari. Wengine waliangalia viatu. Bwana Ananie aliligeukia tangazo lake mwenyewe akalisoma upya kwa makini makubwa, kama aliyetafuta kosa la tahajia. Kutoka nyuma kabisa Vagheni alionekana akiteleza kuelekea lango, huku watu wawili wakimfuata na picha zao mkononi. Kisha mwanamke mmoja akaanza kucheka, mwingine akampokea, na kicheko kikapita foleni nzima, cha akina mama waliokuwa na madoa yao wenyewe vifuani.

"Donc, basi, karte itakuya lini?" akauliza mzee wa parachichi, kwa upole wa mtu asiyetaka kusumbua.

Kanyere peke yake hakucheka. Alisimama mbele kabisa, Sagesse akijipinda mgongoni, na mkononi alishika chupa ya chai iliyojaa uji. Alikuwa ameupika asubuhi, kwani hakuwa mtu wa kungoja jioni imwambie anachokijua. Macho yake yalikuwa kwenye chupa ya maziwa. Maziwa yalikuwa yamefika shingoni. Aliitazama muda mrefu, kisha akaugeukia umati.

"Munaangalia nini? Nyiye hamukunyonyaka? Muende!" Umati ukaanza kupungua. Akamwona yule polisi, kofia upande, jasho likimtiririka, akamtia uji mikononi. "Kunywa, baba. Umekonda."

Kanyere na Élodie wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Élodie akazima pampu, akaikabidhi chupa, akamtwaa mtoto, akamweka kwenye titi la pili, na Sagesse akanyonya kwa pupa, akiguna, ngumi moja ikishika ukingo wa blauzi. Kanyere aliketi juu ya katoni ya madaftari ya mwaka fulani uliopita. Alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili. Élodie alisubiri neno la dawa ya macho, na jibu alikuwa nalo tayari, kali, la wiki nzima.

"Inapata moto," akasema Kanyere.

"Inatoka mu mwili, Mama."

"Najua." Akaisogeza chupa magotini. "Kule Kasugho shamba yetu ilikuwa mu pori, mbali. Saa mbili za kutembea. Mama mukwe wangu alikatala niende na Valère, alisema pori iko na baridi, mutoto atakufa. Basi nilimwacha. Saa ine ikifika, maziwa inakuya. Inauma, weye unajua vile inaumaka. Nilikuwa napiga magoti pembeni ya maharagi, nakamulia mu udongo. Kila siku. Miezi mitano."

Élodie hakuthubutu hata kumhamisha mtoto mkono.

"Nyumbani Valère anakunywa bouillie. Batu banasema, Kanyere hana maziwa. Na mi nikakubali. Nikasema ndiyo, sina." Akaigeuza chupa kidogo, maziwa yakapanda na kushuka. "Ningesema nini? Kwamba niko nayo, lakini naipatia udongo?"

Nje mtu aliita jina la mtu. Élodie alitafuta lile jibu lake kali na hakuliona lilikoenda. Alimpenda yule mwanamke, wakati ule ule, kwa nguvu iliyomtia haya, na kwa kuwa hakujua namna ya kulisema hilo kwa Kinande, lugha ya mama mkwe, wala kwa Kiswahili cha Kindu, alisema tu, "Pole, Mama."

"Wasingya," akajibu Kanyere, ambalo ni asante, na hakuwahi kumwambia neno hilo kabla.

Akaiweka chupa chini, mahali pa tambarare, akahakikisha imefungwa. Kisha akaiokota pampu kutoka mapajani mwa Élodie, akaigeuza huku na huku, akatafuta kitufe kwa kidole kilichopinda kwa jembe, akabonyeza. Ikaanza. Alishtuka, lakini hakuiachia. Akakipachika kikombe kwenye kiganja chake cha kushoto, na ngozi ya kiganja ikavutwa ndani, ikaachiwa, ikavutwa tena.

"Inavuta sawa mutoto," akasema.

"Ndiyo, Mama." Mtoto alikuwa akisinzia sasa. Betri ya pampu ilikuwa ikipepesa taa nyekundu, na bado kulikuwa na zamu ya saa nane. "Nizime?"

Kanyere alikuwa amefumba macho.

"Iache kidogo," akasema.